Kome Wanane

Zamu ya usiku tupo tisa:
mimi, na kome wanane ndani ya tangi la kioo.
Maji ya mto Warta huwapitia wao kwanza,
kabla ya birika za chai, kabla ya ubatizo,
kabla ya yule wa ghorofa ya nne
anayeosha nywele saa nane usiku, sijui kwa nini,
namwona kwenye mita tu.

Niliwabandika mwenyewe kwa gundi,
waya mwembamba juu ya kila gamba,
kama fundi anayetia vifungo vya shati.
Gamba likifunguka, mstari hupanda kwenye skrini.
Likifumba, hushuka.
Hawana macho, hawana shahada.
Wana bawaba moja, na hiyo haijui kuongopa.

Mkaguzi wa wizara alicheka:
"Mji mzima mmeuweka rehani kwa supu?"
Sikumjibu. Nilimpa glasi ya maji.
Akanywa.

Februari, usiku wa baridi ya kupasua chupa,
wa tatu akafumba.
Nikasema amechoka, kome naye ana usingizi wake.
Wa saba akafumba.
Wa kwanza na wa nane wakafuata pamoja,
kama waliokonyezana.
Wanne. Na wanne ndiyo sheria:
mashine haikuniuliza, lango la chuma likashuka,
na chini ya sakafu nikausikia mto ukigonga
kama mgeni aliyefungiwa nje.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mshindo huo mimi niliupokea kwa simu:
mwoka mikate, hospitali, mwanamke mwenye povu kichwani,
kisha bosi Ludomir, sauti yake bado imo blanketini.
"Vipimo vinasemaje?"
Vinasema safi.
"Risasi?" Hakuna. "Klorini?" Sawasawa.
"Basi fungua, Bogna."

Nikatazama tangi.
Wa pili kafumba. Wa nne, wa tano, kafumba.
Wa sita peke yake alikuwa wazi,
ulimi mweupe nje, kama mtoto anayeonja theluji.
Kisha naye.

Sikufungua.

Saa moja na dakika kumi
mkono wangu ulikaa kando ya swichi,
nikimwaza bibi yangu Apolonia
aliyekuwa akichota kwa kiganja mto huu huu
na kunywa bila kutazama.

Alfajiri wa tatu akaachama, upana wa unywele.
Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena.

Maabara waliona kitu siku ya tatu,
kitu chenye jina refu lisilotamkika na mwenye njaa.
Kiwanda cha rangi kikasema si chetu.
Kiwanda cha ngozi kikasema si chetu.
Mto ukiwa safi una wenyewe kumi;
ukichafuka, yatima.

Miezi mitatu ikiisha tunawarudisha ziwani,
nyuma ya msitu wa misonobari,
alama nyekundu gambani ili wasiajiriwe tena.
Ndiyo pensheni yao.
Zdzisław mpiga mbizi huwapokea mmoja mmoja,
huwaweka mchangani upande waliozoea.
Safari hii walikuwa saba.
Wa sita hakufunguka tena; alikuwa mfukoni mwangu,
ndani ya leso, na sikujua nimpeleke wapi.

Tulihitaji wanane wapya.
Zamani dakika kumi zilitosha,
Zdzisław alikuwa akiibuka na ndoo na utani.
Leo alizama mara nne.
Akatoka na watano,
tope jeusi limemganda ndevuni,
akatema pembeni, akanusa kiganja chake.
"Huku nako," akasema.
Hakumalizia.

Niliwahesabu tena, kana kwamba hesabu huzaa.
Watano.
Nikafunika ndoo wasipigwe na jua,
naye akavaa miwani yake upya,
akanipa mgongo,
akaingia.